Tunampima Mzee, Nani Ampime Anayemuuguza?



Katika nyumba nyingi siku hizi kuna mfuko wa dawa. Utaukuta juu ya kabati, au ndani ya ndoo yenye mfuniko, au umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ili watoto wasiufikie. Ndani yake mna dawa za shinikizo la damu, dawa za kisukari, dawa za maumivu ya viungo, na pengine vidonge ambavyo hakuna anayekumbuka viliandikwa lini na kwa sababu gani. Mwenye dawa ni mzee. Lakini mwenye kuushika mfuko ni mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke: binti, mke wa mwana, mjukuu wa kike aliyemaliza shule, au mke wa mzee ambaye naye umri umekwenda.

Kazi yetu ni uuguzi, na siku za Jumamosi tunafuatana na akina mama wenzetu wa usharika kutembelea wagonjwa majumbani. Desturi yetu tukifika ni kumsalimu mzee, kumwuliza amelalaje, kumpima shinikizo la damu, na kumpima sukari kama tuna vipimo. Namba zake tunaziandika katika daftari. Wakati huo wote yule anayempa dawa amesimama karibu na mlango akingoja kuambiwa kama amefanya vema au vibaya. Katika makala hii tunataka kuzungumza juu yake. Je, naye anaweza kupimwa? Na akipimwa, itamsaidia nini?

Kazi isiyohesabiwa

Tuchukue mfano wa nyumbani kwetu, kwa kuwa ndio tunaoujua vizuri. Mama yetu ana miaka 81. Anaishi kijijini Machame katika kihamba cha marehemu baba. Kwa desturi ya sisi Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki nyumbani na kurithi nyumba ya wazazi, na kwa sababu hiyo mke wake ndiye anayebaki na wazazi. Wengine tumetawanyika, Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Tunatuma fedha, tunapiga simu, na mwezi wa Desemba tunapanda nyumbani kwa Krismasi. Wifi yetu yuko pale siku zote.

Mama ana shinikizo la damu na kisukari. Mwaka jana dawa zake zilikuwa hizi: amlodipini kidonge kimoja asubuhi, losatani kimoja asubuhi, aspirini kimoja mchana, metformini kimoja asubuhi na kimoja jioni pamoja na chakula, na sindano ya insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Ukihesabu utaona ni mara saba kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni mara 210. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 2,500.

Mtu anaweza kusema, "Kumpa mtu kidonge na maji kuna kazi gani?" Lakini kila mara kati ya hizo kuna uamuzi. Mama amechomwa sindano, sasa anausukuma mtori, anasema hana hamu. Afanye nini? Insulini imekwisha kuingia mwilini, na bila chakula sukari itashuka. Ametapika dakika kumi baada ya kumeza, je, arudiwe? Mwezi uliopita vidonge vilikuwa vya rangi ya waridi, mwezi huu duka limetoa vyeupe, je, ni dawa ile ile? Bahasha imeandikwa 1x2, je, ni vidonge viwili kwa pamoja au kimoja mara mbili? Magoti yanamuuma na jirani ameleta diklofenaki aliyoinunua dukani, ampe? (Asimpe kabla ya kumwuliza daktari. Dawa za jamii hiyo hupandisha shinikizo la damu na huweza kuumiza figo za mzee, hasa akiwa anatumia dawa kama losatani au dawa za kukojoza.)

Hayo yote huamuliwa jikoni, na mtu ambaye pengine aliishia darasa la saba, huku ng'ombe anadai majani na watoto wanangojea kwenda shule. Hospitalini sisi wauguzi tunapotoa dawa tuna chati, tuna mwenzetu wa kutuhakikishia, tuna daktari wa kumwita, na zamu inapokwisha tunakabidhi na kwenda nyumbani. Anayeuguza nyumbani hana hata kimoja katika hivyo, wala zamu yake haiishi.

Uchovu wa mwili na uchovu wa hofu

Watu wengi wanapomfikiria anayeuguza mzee huwaza kazi za mwili, yaani kufua mashuka, kuogesha, kuinua, kupika chakula laini. Kazi hizo ni nzito kweli. Lakini dawa zina mzigo wake wa pekee, ambao ni hofu. Shuka lisipofuliwa leo litafuliwa kesho. Insulini ikitolewa mara mbili kwa kusahau, huenda kesho isimkute mzee.

Katika nyumba zetu kuna jambo jingine ambalo akina mama mtalielewa upesi. Anayempa dawa mama mkwe si mtoto wa kuzaliwa katika ukoo ule. Mzee akizidiwa ghafla, swali la kwanza msibani au hospitalini ni, "Alikula nini? Alipewa nini? Na nani?" Wakati mwingine swali hilo huulizwa kwa wema. Wakati mwingine huulizwa kwa sauti inayomfanya mke wa watu abebe lawama maisha yake yote. Tumewaona akina mama ambao miaka mingi baada ya mazishi bado wanasimulia kidonge cha mwisho walichotoa, saa ngapi, na kwa kikombe gani.

Ukimwuliza mama wa namna hiyo hali yake mbele ya watu, atakujibu, "Hatujambo, Mungu anasaidia." Ni jibu la adabu na la imani pia, lakini halikuambii anavyolala usiku.

Je, mzigo huu unapimika?

Wataalamu wameshughulika na swali hili kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1980 huko Marekani, Steven Zarit na wenzake walitoa orodha ya maswali 29 kwa watu waliowatunza wazee wenye ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Baadaye orodha ile ikapunguzwa ikawa maswali 22. Kila swali hujibiwa kwa namba kutoka 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 88. Orodha hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi na inatumika mpaka leo.

Lakini maswali ya Zarit huuliza juu ya mzigo kwa ujumla. Mwaka 2003 watafiti wengine wa Marekani, wakiongozwa na muuguzi Shirley Travis, walitoa kipimo kinachohusu kero za kumpa ndugu dawa peke yake. Kina vipengele 24, na kila kimoja hupewa namba kutoka 0 hadi 5. Vipengele vyenyewe vimegawanyika katika mafungu manne: kutafuta habari za dawa na kuwapasha wengine, usalama wa dawa, kupanga saa na ratiba, na wingi wa dawa. Watafiti hao walitambua kwamba mtu anaweza kuzimudu kazi nyingine zote za kuuguza, akaelemewa na dawa tu.

Vipimo hivyo vilitungwa kwa familia za Marekani. Kule mzee huwa na duka lake la dawa linalomfahamu na simu ya daktari wake. Hakuna kipengele kinachouliza, "Je, umewahi kumpelekea mtoto nauli ya bodaboda akafuate dawa, akarudi mikono mitupu?" Wala hakuna kinachouliza juu ya mawifi. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, pamoja na akina mama wenzetu wa matembezi, tulikaa tukaandika maswali yetu kumi kwa lugha ya nyumbani. Hatudai kwamba ni kipimo cha kisayansi. Ni kama kumgusa mtoto paji la uso: haikupi namba ya homa, lakini inakuambia kama yafaa kutafuta kipimajoto.

Maswali kumi

Fikiria wiki nne zilizopita. Jibu kwa namba: 0 kama haijatokea kabisa, 1 kama ni mara chache, 2 kama ni mara nyingi, 3 kama ni karibu kila siku.

1. Nimeogopa kwamba nitampa mzee dawa isiyo yenyewe, au kiasi kisicho chenyewe.
2. Nimeshindwa kujua la kufanya mzee alipokataa dawa, alipotapika, au alipokataa kula.
3. Nimekuwa na shaka juu ya dawa na sikuwa na mtu wa kumwuliza.
4. Nimeacha shamba, biashara, ibada au msiba kwa sababu saa ya dawa imefika.
5. Nimekosa usingizi au nimeamka usiku kwa ajili ya mzee au dawa zake.
6. Nimegombana na mzee kwa sababu ya dawa.
7. Nimehangaika na fedha za dawa au nauli ya kuzifuata.
8. Nimeogopa kwamba likitokea baya ndugu watanilaumu.
9. Mwili wangu umechoka kwa kufua, kuinua na kuogesha.
10. Nimekata tamaa, au nimetamani nisiwepo.

Jumla ya juu kabisa ni 30.

Karatasi iliyorudishwa

Jumamosi ya kwanza wifi yetu alijaza karatasi yake sebuleni, mama akiwa kwenye kiti chake na kaka akisikiliza redio. Alipata 4. Aliandika 2 kwenye fedha, 1 kwenye usingizi, 1 kwenye uchovu wa mwili, na kwingine kote sifuri. Tuliikunja karatasi, tukanywa chai, tukaaga. Tulikuwa tumefika kwenye mfereji chini ya migomba tuliposikia anatuita. Alikuja mbio na kanga yake mkononi.

"Wifi, nirudishieni ile karatasi," alisema. "Sikuandika ya kweli."

Aliketi juu ya jiwe, akafuta, akaandika upya. Safari hii alipata 21. Hofu ya kukosea, 3. Kutojua la kufanya, 3. Kukosa wa kumwuliza, 3. Usingizi, 3. Lawama za ndugu, 3. Kuacha shughuli, 2. Fedha, 2. Kugombana na mama, 1. Uchovu wa mwili, 1 vilevile. Kukata tamaa aliandika 0, na tulipomwuliza taratibu kama ile sifuri nayo ni ya kweli, alisema ni ya kweli.

Kisha akasema maneno ambayo tuliyaandika tulipofika nyumbani ili tusiyasahau. "Kufua mashuka ya mama hakunichoshi, wifi. Mama alinipokea vizuri nilipoolewa, namfulia kwa moyo. Kinachonichosha ni kuogopa. Usiku naamka kwenda kumsikiliza kama anapumua. Naona siku moja nitamkuta hajaamka, na ninyi nyote mtapanda kutoka mjini mniulize nilimpa nini."

Tulinyamaza, kwa sababu sisi ndio "ninyi nyote" aliokuwa anawaogopa.

Namba iliyobadilisha msaada

Hapa ndipo tulipoona faida ya kupima. Kwa miezi kadhaa ndugu tulikuwa tunachanga fedha ili wifi atafutiwe msichana wa kazi amsaidie kufua na kupika. Nia ilikuwa njema. Lakini tazama karatasi: uchovu wa mwili ulikuwa 1 tu. Msichana wa kazi angepunguza kitu ambacho hakikuwa kinamwumiza, na angeacha zile 3 tano zote mahali pake. Pengine angeongeza hata ya sita, maana wifi angekuwa na mtu mwingine wa kumwangalia asiguse dawa.

Kwa hiyo, msomaji, usitazame jumla peke yake. Watu wawili wanaweza kupata 21 na kila mmoja akahitaji msaada tofauti kabisa. Tazama mahali penye 3. Pale ndipo pa kuanzia.

Desemba tulipokutana nyumbani, tulimwomba wifi ruhusa ya kusema habari za ile karatasi. Aliturupia jicho, akakubali, kwa sharti kwamba isomwe akiwa jikoni. Haikuwa kikao chepesi. Ndugu mmoja alisema, "Hii ni kazi ya mwanamke wa nyumba, mbona mama zetu waliweza?" Mwingine alimjibu kwamba mama zetu hawakuwa na insulini ya kuchoma wala mita ya sukari ya kusoma. Bibi zetu waliwauguza wazee kwa maziwa, mtori na majani waliyoyajua tangu utotoni. Kazi ya leo ni ya hospitali iliyohamishiwa jikoni. Tukakumbushana pia habari za Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, jinsi alivyobeba kazi ya watu wote peke yake mpaka mkwewe Yethro alipomwonya kwamba hataiweza. Katika ukoo wetu na sisi ilifaa mtu aone na aseme.

Mambo manne yaliamuliwa.

La kwanza lilihusu lawama. Kaka mkubwa alimwita wifi kutoka jikoni, akasimama mbele ya mama na ndugu wote, akasema kwamba dawa za mama ni za ukoo mzima, na likitokea neno, hakuna atakayemwuliza mke wa mdogo wetu peke yake. Mama akaitikia. Jambo hili halikugharimu hata shilingi moja, na wifi alifunika uso kwa kanga, akalia.

La pili, mume wake ajifunze kuchoma sindano na kupima sukari. Alisema mikono yake ni mizito, ni ya jembe. Tukamfundisha kwa maji na chungwa siku mbili, na siku ya tatu alimchoma mama mwenyewe. Sasa sindano ya jioni ni yake.

La tatu, mfuko wote wa dawa upelekwe kliniki, yaani kila chupa na kila bahasha, pamoja na dawa za kienyeji. Daktari alivitandaza mezani, akauliza maswali mengi. Vilivyopita muda wake alivitenga. Aspirini aliiondoa, kwa kuwa mama hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, na katika umri wake hatari ya kutokwa na damu tumboni ilizidi faida. (Mama wa mtu mwingine anaweza kuwa anaihitaji sana aspirini hiyo hiyo. Usimwachishe mzee dawa yoyote bila daktari.) Mara saba kwa siku zikawa sita, na ile ya mchana, iliyokuwa inamzuia wifi kwenda sokoni, ndiyo iliyoondoka.

La nne, wifi awe na namba mbili za simu za watu wa kuwauliza, na apumzike Jumamosi moja kila mwezi. Siku hiyo sisi wa Moshi tunapanda, tunaushika mfuko, naye anakwenda atakako. Mara ya kwanza alikwenda kwa dada yake, akalala mchana kutwa.

Mwisho wa Februari alijaza karatasi tena, jikoni, peke yake. Alipata 13. Lawama ilishuka kutoka 3 hadi 1. Kukosa wa kumwuliza kulishuka hadi 1, kutojua la kufanya hadi 1, kuacha shughuli hadi 1. Hofu ya kukosea na usingizi zilishuka hadi 2. Fedha ilibaki 2 na uchovu wa mwili 1. Namba moja ilipanda: kugombana na mama, kutoka 1 hadi 2. Mama ameanza kusahau. Anameza dawa, na baada ya robo saa anasema kwa uchungu kwamba hajapewa kitu.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila jambo limekwisha. Umri wa mama unakwenda mbele, na mzigo utabadilika sura. Lakini sasa tunajua unaelekea wapi. Tumempa mama daftari na kalamu. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na anapenda kuandika, kwa hiyo kila akimeza anaweka alama kwa mkono wake mwenyewe. Akisema hajapewa, wifi hamjibu kwa maneno, anamwonyesha mwandiko wake.

Ufanye nini nyumbani kwako?

1. Jaza maswali haya ukiwa peke yako, si mbele ya mzee wala mume. Kama unamsaidia mwingine kujaza, mfuate jikoni, shambani au njiani.

2. Zungushia duara kila penye 3. Chagua moja utakayoitafutia msaada mwezi huu. Rudia kupima baada ya miezi miwili au mitatu, na kila dawa mpya inapoongezwa.

3. Kama swali la kumi si sifuri, usingoje mwezi mwingine. Mwambie leo mtu unayemwamini, na uende kituo cha afya. Kukata tamaa kwa namna hiyo ni ugonjwa unaotibika. Si upungufu wa imani wala si aibu.

4. Weka daftari moja la dawa. Andika jina la dawa, inatibu nini, kiasi, saa, na nafasi ya kuweka alama. Daftari liende na mzee kila anapokwenda hospitali.

5. Dozi ikisahauliwa, usimpe mbili kwa pamoja kufidia. Piga simu uulize. Usisage wala kuvunja kidonge kabla ya kuuliza, maana viko vilivyotengenezwa ili viyeyuke polepole.

6. Jifunze dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno ya kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida. Kama mzee anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha chakula. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

7. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu lakini isigande. Iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya jokofu mahali pa baridi, mbali na jua na jiko, kwa muda wa wiki nne. Andika tarehe uliyoifungua.

8. Fundisha mtu wa pili. Kazi ya dawa inayojulikana na mtu mmoja ni hatari kwa mzee, na ni kifungo kwa mtu huyo.

Kwa ninyi mnaotuma fedha kutoka mjini

Wengi wenu mnaosoma makala hii si ninyi mnaoushika mfuko. Ninyi ni mabinti mlioolewa mbali, au mawifi mnaopiga simu Jumapili jioni. Mkipiga, mnauliza, "Mama amekula? Amemeza dawa?" Ni maswali mazuri. Lakini masikioni mwa anayeuguza yanafanana na ya mkaguzi. Ongezeni jingine, na mngojee jibu hata likichelewa: "Na wewe, katika dawa hizi, ni kipi kinachokutisha?"

Tangu mwaka 2003 Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee, na katika vituo vingi vya serikali utakuta dirisha la wazee. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Nyuma ya wengi wao kuna mtu anayehesabu vidonge kwa taa ya simu, na huyo hana dirisha lake popote. Kwa sasa dirisha lake ni sisi, yaani ndugu, majirani na vikundi vya akina mama. Tukienda kuwatembelea wazee, tuchukue karatasi mbili.

Mungu awatie nguvu, nanyi mtiane nguvu.